Namba ya Jana

3 Februari

Baba,

Shikamoo. Dereva wa idara anakuja huko kesho na vipuri vya kituo chako, nami nimemkaba anisubiri nimalize barua hii, maana nikikupigia simu utasema sauti inakatika hata kama haikatiki. Mimi mzima. Chumba changu sasa kinavuja kona moja tu, na mwenye nyumba anasema hayo ni maendeleo.

Kazini nimepewa jukumu ambalo sikuliomba. Unajua kwamba kina cha maji unachokituma kila asubuhi hakipokelewi na mtu. Kinapokelewa na skripti, yaani mfululizo wa amri ninazoiandikia kompyuta izifuate yenyewe wakati mimi nimelala. Inafungua ujumbe wako, inachukua namba, inailinganisha na za nyuma, na mto ukipanda inawatumia onyo watu wa bondeni. Tatizo ni kwamba hapa ofisini kila mtu anaandika skripti anavyojua yeye. Mwezi uliopita mwenzangu mmoja, tunamwita Mpole, aliiagiza ya kwake iingie kwenye folda ya takataka ifute kila kitu. Folda ile ilikuwa imebadilishwa jina. Skripti ilishindwa kuingia, lakini hakuna aliyekuwa ameiambia kwamba ukishindwa kuingia, usifute. Ikafuta pale pale iliposimama, na pale iliposimama palikuwa na ramani zetu za mwaka mzima. Siku ile Mpole hakula.

Ndipo mkuu wa kitengo akaniambia niandike kanuni za wote. Nimeandika kwamba amri moja ikishindwa, zilizobaki zisiendelee kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwamba jina la faili lifungwe kwa alama za nukuu pande zote mbili, maana likiwa na nafasi katikati na halijafungwa, kompyuta inalikata vipande na kwenda kutafuta faili ambazo hazipo. Kwamba ukianzisha faili za muda uzifute, hata ukianguka njiani. Na kosa lisemwe kwa sauti, na liseme limetokea wapi. Kompyuta zote zina shimo moja la kutupia maneno yasiyotakiwa, na wavivu hutupa makosa yao humo ili wasisumbuliwe.

Ninayoipenda kuliko zote inakuhusu wewe. Skripti ikitafuta namba isiipate, isijifanye imeipata. Isimame. Siku ujumbe wa kituo chako ukifika bila namba, Baba, skripti yangu itasimama hapo hapo na kupiga kelele kwenye simu ya aliye zamu, na asipokuwa na maelezo gari linatumwa kituoni. Kwa hiyo usifikiri uko peke yako huko. Msalimie Mama, umwambie nguo aliyonishonea imenitosha.

Fundi wako


19 Februari

Mwanangu Fundi,

Marahaba. Anayeandika ni mama yako, mimi nasema tu. Mkono wangu umechoka na kalamu. (Mkono wake mzima. Jana kahamisha kabati peke yake. Ni mimi mama yako.)

Kanuni zako nimesomewa mara mbili. Ile ya Mpole imenichekesha mpaka nikakohoa. Mama yako naye yuko hivyo hivyo: akishika ufagio hafagii alipokusudia, anafagia alipo, na karatasi zangu ndizo zinazokoma. (Uongo. Nilitupa karatasi moja tu, na panya walikuwa wameshaila nusu.) Mwambie huyo Mpole ale. Ramani huchorwa tena.

Ile ya mwisho nimeomba isomwe mara ya tatu. Kwa hiyo namba isipokuwepo, mashine inapiga kelele na mtu anakuja? Hata kama msomaji mwenyewe hajatamka neno? Nauliza tu. Nimesoma ubao wa kipimo wa mto huu tangu hujaota meno, na siku zote nilijua kwamba nisiposema mimi hakuna atakayejua. Mmefanya jambo zuri.

Mto uko chini. Paa la kibanda nimelikaza misumari. Ukila, kula vizuri, usile umesimama.

(Kuna jambo ameniapisha nisikuandikie, na siandiki. Lakini ukipata likizo, njoo.)

Baba yako, msoma mto
na mama yako, mwandishi asiyelipwa


8 Machi

Mama,

Shikamoo. Hii ni yako peke yako, isome ukiwa jikoni.

Wiki iliyopita ujumbe wa Baba ulifika una jina la kituo tu, namba hakuna. Skripti ikasimama na kupiga kelele. Bahati aliyekuwa zamu ni mimi, nikaizima kabla mtu hajauliza. Juzi tena vile vile. Nikajua ulichoapishwa. Ni goti lake, sivyo? Zile ngazi za kushukia mtoni zina utelezi, na goti lile linamsumbua tangu nikiwa shule. Zipo asubuhi anashindwa kushuka. Kubuni namba hawezi, namjua, kwa hiyo anatuma jina la kituo na kunyamaza.

Mama, huku kuna mkuu mpya, na mkuu mpya anataka vijana vituoni. Anatafuta sababu tu. Kelele ikipigwa mara kwa mara kwenye kituo cha Baba, jina lake ndilo litakalokuwa la kwanza, na hajakaribia kustaafu. Umfikirie Baba akiamka asubuhi hana mto wa kuuendea. Mimi nimemfikiria hivyo nikashindwa kula.

Basi nimefanya jambo ambalo kanuni zangu mwenyewe zinalikataza. Nimeongeza mstari mmoja mfupi kwenye skripti: namba ya leo ikikosekana, chukua ya jana. Kiangazi hiki mto haupandi wala haushuki, ya jana na ya leo ni ndugu. Sasa haipigi kelele tena kwa kituo chake. Mganga hajigangi, ndiyo mimi huyo. Mvua zikikaribia nitautoa.

Usimwambie. Sitaki aone haya mbele yangu. Nimetuma dawa ya kuchua goti, sema umeinunua wewe.

Mwanao


24 Machi

Mwanangu,

Dawa imefika na nimempaka. Akaniuliza, mke wangu, goti langu limekosa nini? Nikamwambia nyamaza nipake. Habari ya mstari wako sikumwambia, kama ulivyotaka. Mambo ya mashine mimi siyajui.

Lakini umekosea, goti lake ni zima. Anashuka mtoni kila siku ya Mungu. Zaidi ya hapo siwezi kusema, kwa sababu baba yako mjanja aliniapisha kwa kichwa chako wewe, na kichwa hicho ninacho kimoja tu. Si jambo la kufa, usije ukalia mbele ya watu. Nimemwambia mwenyewe, mficha maradhi kifo humuumbua. Akasema leo chai imekolea vizuri.

Ningeshuka mtoni nimsaidie, ila maji nayaogopa, unajua, na yeye hataki.

Kitu kimoja sikuapishwa. Akishatoka mtoni na kutuma huo ujumbe wake anakaa nje kwenye kiti, sikio kalielekeza barabarani. Gari likisikika anasimama na kufunga vifungo vya shati. Likipita anakaa. Nikimuuliza unamngoja nani, anasema hamngoji mtu. Jioni anakuwa mpole, ananioshea vyombo, hanibishii lolote. Mimi baba yako akiwa mkali namweza. Akiwa hivi simwezi.

Njoo.

Mama yako


6 Aprili

Mwanangu,

Leo naandika kwa mkono wangu. Mistari ikipandana, nisamehe. Mama yako yuko kwa jirani.

Nina swali la kiofisi, na unijibu kiofisi. Kituo chetu bado kinasomwa huko? Kama idara imekifunga ikaona aibu kumwambia mzee, niambie wewe. Sitaumia. Nimejiuliza sana nikaona afadhali nijue. Mtu akizungumza chumbani kwa muda mrefu na hakuna anayemjibu, ni vizuri aambiwe kwamba wenzake walishatoka.

Mvua zimeanza huko juu milimani. Mto umebadilisha sauti.

Baba yako


17 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nakujibu kiofisi kwanza. Kituo chako kinasomwa kila asubuhi. Ni cha mwisho kabla ya bonde, na watu wa kule chini hawana onyo lingine. Hakuna aliyekifunga, na atakayejaribu atanikuta mlangoni.

Sasa nakujibu kama mwanao, na hapa mkono wangu ni mzito. Tangu Machi, siku ambazo ujumbe wako hauna namba, skripti haipigi kelele. Niliinyamazisha mimi. Niliweka mstari unaochukua namba ya jana na kuipeleka kama ya leo, mtu yeyote asijue kwamba ilikosekana. Nilidhani ni goti. Niliogopa wasije wakakustaafisha. Nikajiambia nitautoa mvua zikikaribia, na mvua zikakaribia, na kila siku nikasema kesho.

Jumatano mto ulipanda. Ujumbe wako ulifika bila namba, skripti ikachukua ya Jumanne, ikawaambia watu wa bondeni kwamba kuko salama. Maji yakaingia kwenye banda la mashine ya kumwagilia mashamba. Mlinzi alikuwa amesinzia ndani, alitoka amelowa mpaka kifuani. Hajaumia, nimeongea naye mwenyewe. Lakini ameniambia hajui kuogelea, na tangu hapo sauti yake hainitoki.

Kanuni mpya ni kwamba skripti yoyote isomwe na mtu wa pili. Ya kwangu aliisoma Mpole. Alikwenda mstari kwa mstari, akafika pale, akaweka kidole kwenye kioo. "Dada, hii kanuni si wewe uliyetuandikia?" Hakupandisha sauti, unajua tunavyomwita. "Mchelea mwana kulia hulia yeye," akasema. "Wewe umemchelea mzazi." Akanipisha kiti niufute kwa mkono wangu. Kisha nikaenda kumwambia mkuu kabla hajaambiwa na mwingine. Amenipa onyo la maandishi, na ni haki yangu.

Kwa hiyo kuanzia Jumatatu ijayo namba ikikosekana itapiga kelele kwa wote, na jina la kituo chako litaonekana. Siwezi kukuficha tena, Baba. Mama anasema goti ni zima. Basi ni nini? Nakuomba unieleze. Naogopa kuliko nilivyoogopa Jumatano.

Fundi wako


20 Aprili

Mwanangu,

Mama yako anaandika, na leo nimemfungua kiapo chake. Aongeze anachotaka.

Ni macho. Lilianza la kulia, kama mtu kapulizia kioo pumzi, nikalifuta kwa leso wiki nzima nikidhani ni vumbi. Kisha la kushoto. Siku ya jua kali namba nazipata. Siku ya mawingu nashuka ngazi zote, nauona ubao umesimama, mweupe mtupu. Naweka kiganja juu yake mpaka napata maji yalipo, lakini kiganja hakisomi. Barua hii usiioneshe ofisini bado. Au ioneshe. Sijali tena. (Anajali.)

Nimekukasirikia, niseme kweli. Miaka yote hii sijabuni kina cha maji hata siku moja. Nilisoma nikiwa na homa, nilisoma siku ya kumzika mama yangu. Wewe umepeleka kwa jina la kituo changu namba ambayo sikuisoma, na mtu asiyejua kuogelea kalala akiiamini. (Hapo alipiga meza. Kisha akalia. Nilimwambia nitaandika yote mawili.)

Sasa sikiliza kwa nini nilituma jina bila namba. Ulidhani nanyamaza kwa aibu. Sikunyamaza. Uliniandikia Februari kwamba namba ikikosekana mashine inapiga kelele na gari linakuja. Nikasema, alhamdulillah, kumbe njia ipo. Maana mdomo wangu ulikuwa umegoma. Nilijaribu kumwambia dereva, nikamwambia habari za matairi. Nilijaribu kukuandikia wewe, nikakuandikia habari za paa. Mtu aliyelisha familia kwa macho yake, atasemaje kwamba hayapo? Nikaona niiachie mashine yako initamkie. Asubuhi nisiyoona, nilituma tupu, nikavaa shati safi, nikakaa nje kumsubiri huyo mtu.

Hakuja. Nikatuma tena. Mwanzoni nilidhani gari limeharibika. Baadaye nikadhani mmesikia, mkaona mzee huyu na mto wake si kitu. Hapo ndipo nilipokuandikia lile swali la kiofisi.

Sikujua kwamba kila nilipoita, wewe ndiye uliyekuwa ukiniwekea mkono mdomoni, na kwamba mkono wenyewe ulikuwa wa mapenzi. Nimetafuta wa kumlaumu kati yetu nimemkosa. Nilitaka kukuficha usihangaike, ukataka kunificha nisiaibike, na mlinzi wa watu akalowa. Mwombe radhi kwa niaba yangu, nami nikikutana naye nitamwomba mwenyewe.

Jumatatu asubuhi nitashuka. Nikiona nitatuma ninachokiona. Nisipoona nitatuma tupu, na mara hii, mama, usiizime. (Anakuita mama pale tu anapokuwa hana ujanja. Nami namwongezea sauti: usiizime.)

Baba yako


24 Aprili

Baba, Mama,

Shikamooni. Mwandiko unaruka kwa sababu naandika juu ya goti, ndani ya gari la idara. Barua hii haipelekwi na mtu mwingine. Naileta mwenyewe, na nitakaa kando yako, Baba, nikusomee, kwa sababu nikisema bila karatasi nitaishia kukueleza habari za matairi.

Asubuhi ya leo ujumbe wako ulifika bila namba. Skripti ilisimama pale inapotakiwa kusimama, na simu zote ofisini zikalia kwa pamoja. Zamu ilikuwa ya Mpole. Alinigeukia, akasubiri. Niliweka mikono yangu chini ya meza nikaikalia. Kelele ile ni mbaya sana, Baba, niliitengeneza mimi mwenyewe iwe mbaya, na nilikaa nayo mpaka mkuu akatoka ofisini kwake kuuliza kuna nini. Nikamwambia: msomaji wetu hana macho tena ya kusoma ubao, na amekuwa akituambia tangu Machi.

Bondeni wamepelekewa ujumbe ambao hatujawahi kuutuma kabla: leo hatujui kina cha maji, pandeni juu mpaka tujue. Wengine wametutukana. Wamepanda, hata hivyo, na mlinzi wa banda alikuwa wa kwanza.

Mkuu aliuliza nani aende, nikanyoosha mkono kabla hajamaliza. Nitashuka ngazi pamoja nawe, wewe ushike ubao, mimi nisome, na namba iende kwa jina la kituo chako. Daktari wa macho nimeshazungumza naye, anasema ukungu wa namna hiyo mara nyingi huondolewa, ingawa hakuahidi kabla ya kukuona. Kuhusu kazi, mkuu amesema ataamua baada ya daktari. Hajasema ataamua vipi, na mimi sitakubunia jibu.

Nilidhani nakufichia aibu. Ulikaa nje na shati lako safi, asubuhi baada ya asubuhi, ukimngoja mtu, na aliyekuwa akimzuia mtu huyo asije ni mimi, mwanao, ninayekupenda kuliko kazi hii na kanuni zake zote. Nisamehe, Baba. Nikimaliza kukusomea hapa, usiniambie chai imekolea. Nijibu.

Mwanao